Mkono uliopooza kwa kiharusi: fungua ile kamba ya mlangoni

Nikizunguka majumbani Kirumba na Igogo, hapa Mwanza, kutoa mazoezi, nakuta sana kamba imepitishwa juu ya mlango, mkono mzima unauvuta uliopooza kwenda juu. Ifungueni leo. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na kuvutwa hivyo huliumiza. Bega likishauma, mgonjwa hagusi tena zoezi lolote. Kwa sababu hiyohiyo msimnyanyue mzee kwa kumvuta mkono wala kumshika kwapani.

Hatua ya 1: meza na khanga. Akae wima, nyayo zote chini. Kunja khanga, iweke chini ya kiganja, aisukume mbele mpaka kiwiko kinyooke, airudishe. Mkono mzima usaidie pale tu mwenzake unaposhindwa. Mara 20, apumzike, arudie. Mwangalie mgongo: wote huiba kwa kuinamia meza badala ya kusukuma.

Hatua ya 2: kioo. Kisimamishe mbele ya kifua katikati, uso wake ukielekea mkono mzima, mkono mgonjwa ufichwe nyuma yake. Afumbe na kufumbua mkono mzima huku akitazama kioo, dakika 15. Ubongo unaona kama ule uliolala ndio unaofanya kazi. Zoezi hili linafaa hata kama vidole bado havijajongea.

Hatua ya 3: kufungua ngumi. Msivikwanyue vidole. Kunja kwanza kifundo cha mkono kwa ndani. Vidole vitalegea vyenyewe, ndipo uvinyooshe polepole ukianza na gumba. Na mpira wa kubinya mimi siupendi: vidole vilivyokaza havihitaji kufundishwa kufumba.

Hatua ya 4: boya. Mgonjwa akianza kushika, mpini wa kijiko huwa mwembamba mno. Nenda Mwaloni, kwenye soko la samaki, omba boya la nyavu, lile jepesi lenye tundu katikati. Lioshe kwa sabuni mara mbili tatu (harufu ya dagaa haiondoki kirahisi), penyeza mpini. Mpini ukicheza ndani ya tundu, uzungushie kipande cha tyubu ya baiskeli. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alivikataa vifaa vyangu vyote vya dukani. Nilipompa boya aliligeuza mara moja, gumba likakaa mahali pake, akaomba ugali.

Akila, kiwiko kiegemee mezani. Mkono ukivimba, au bega likimwamsha usiku, simamisha mazoezi umpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya Bugando au Sekou Toure.