Mkopo wa Nyumba kwa Mwenye Mshahara Mdogo na Mkataba wa Muda

Nimekagua maombi ya mikopo katika Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Kenya kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba maombi ya wafanyakazi wa mkataba hukwama zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye mshahara wenyewe.

Hatua ya kwanza ni kupiga hesabu ya theluthi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Anayelipwa shilingi 60,000 lazima abakiwe na 20,000; kodi ya mapato, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), bima ya afya na ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu huchukua karibu 14,700, kwa hivyo nafasi ya kulipia mikopo ni takriban 25,300, na mkopo wa dharura uliouchukua mwaka jana unahesabiwa humo humo.

Hatua ya pili, tafuta riba nafuu kabla ya kutafuta nyumba. Mkopo wa shilingi milioni 2 wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 13 hudai takriban 25,300 kila mwezi, yaani nafasi yako yote, ilhali kwa asilimia 9.5 hudai kama 20,900. KMRC, kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba iliyoanzishwa 2018, haimkopeshi mwananchi moja kwa moja bali hufadhili benki na Sacco ili zitoe mikopo ya riba ya chini. Uliza waziwazi kama mkopeshaji wako yumo kati ya wanaofadhiliwa nayo.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua. Mkopeshaji akiona mkataba wa mwaka mmoja hujiuliza nani atalipa mwezi wa kumi na tatu, na jibu lako ni historia. Panga mikataba yako yote kwa tarehe, uambatanishe stakabadhi za mshahara na taarifa za benki za kipindi hicho hicho. Niliwahi kupokea faili la mwalimu lenye mikataba minne, safi kabisa, isipokuwa kati ya wa pili na wa tatu palikuwa na wiki sita tupu, kamati ya mikopo ililirudisha. Barua fupi ya mwajiri, ikieleza kwamba shule ilikuwa imefungwa na kwamba mikataba huhuishwa kila Januari, ililipitisha kikao kilichofuata. Ombi lipeleke mara tu mkataba mpya unapotiwa sahihi, kwa kuwa ukibakisha miezi miwili hata faili zuri huonekana la wasiwasi. Ikiwa mwenzi wako ana kipato, ombeni pamoja.

Hatua ya nne ni akiba. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, basi anza kuweka mapema, hata kidogo, bila kuruka mwezi. Taarifa yako ya CRB, ofisi inayotunza rekodi za ulipaji wa madeni, iagize mwenyewe, usingoje kushtukizwa na mkopo wa simu uliousahau.

Mwisho, tenga fedha za gharama ambazo mkopo haugusi: wakili, mthamini, na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba ya mjini ya shilingi milioni 2.2, ushuru huo peke yake ni 88,000, na hulipwa kabla hatimiliki haijasajiliwa kwa jina lako.