Kabla ya kutupa ndoano Ruvu, anzia kwa wauza samaki

Ukitaka kujua mto Ruvu una samaki gani, usianze na ndoano. Nenda asubuhi mapema pale samaki wa mtoni wanapouzwa, uangalie beseni. Kambale wengi kuliko perege? Basi wanavua kwenye matope na maji yaliyotuama. Muulize muuzaji wametoka upande gani wa mto. Ukinunua wawili watatu kwanza, atakueleza mpaka njia ya kupita.

Kisha tembea kingo wakati wa kiangazi, kuanzia Julai hivi, maji yakiwa yamepungua. Hapo mto unajianika wenyewe: vidimbwi, magogo, mikondo. Penye maji haba, tafuta vishimo vya duara kama sahani. Hivyo ni viota vya perege, dume ndiye mchimbaji. Jike akishataga huyaatamia mayai mdomoni. Ukiviona, wavue wakubwa kwingine, hapo paache. Kambale hujitaja mwenyewe, maana huja juu kuvuta hewa. Kaa kimya jioni utasikia mchupo.

Njia ya ng'ombe kushuka kunywa ni rahisi kupita, lakini mamba naye anaijua. Simama hatua kadhaa kutoka majini, na usirudie sehemu ileile kila siku. Njia pana iliyolainika ndani ya matete ni ya kiboko, ipishe.

Leseni ulizia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri, na mitambo inayovuta maji ya mto huu kwenda Dar es Salaam kaa nayo mbali.