Ulimi wa madigadi ya mbele: kuchagua, kukata na kufunga kabla ya masika

Ukitaka kujua kama madigadi ya baiskeli yako inafanya kazi au ni pambo tu, subiri mvua ikatike, vaa viatu vikavu, kisha endesha kilomita mbili kwenye barabara yenye madimbwi. Ukifika usijikague mgongo. Tazama viatu, halafu chuchumaa utazame krenki, pale pedali zinapozungukia, na mnyororo. Madigadi nyingi zinalinda mgongo barabara kabisa. Miguu na mnyororo zimemwachia Mungu.

Mimi ni fundi baiskeli, Ifakara. Bonde la Kilombero ni la mpunga na maji, na watu wa huku baiskeli ndiyo gari lao. Machi hadi Mei, mvua ikikolea, wateja huniletea ugonjwa ule ule: "Fundi, mnyororo unalia, na ulinibadilishia juzi tu." Nikifungua krenki nakuta grisi imegeuka uji wa mchanga na gololi zimelika. Mchanga ule umerushwa na gurudumu la mbele, ukapita chini ya madigadi iliyoishia juu mno. Dawa yake ni kipande cha mpira kinachoning'inia mwisho wa madigadi.

Wapo wanaokiita kipira, wapo wanaokiita kizuia tope. Mimi nitakiita ulimi, kwa umbo lake. Baiskeli nyingi zina ulimi wa nyuma, tena umeandikwa jina la mtoto au umechorwa nembo ya Simba au Yanga. Huo wa nyuma ni hisani kwa anayekufuata. Wa mbele ndio unaokulinda wewe, na ndio watu wasioufunga.

Hatua ya 1: Pima kwa uzi kabla hujashika mkasi

Maji yaliyonata kwenye tairi hayaruki ovyo. Yanaachia na kwenda mstari ulionyooka, kufuata upande tairi lilikokuwa likielekea pale yalipoachia. Nyuma kidogo ya pale tairi linapokanyaga, tairi limeanza kupanda, kwa hiyo maji yanayoachia hapo yanakwenda nyuma huku yakipanda, usawa wa miguu yako. Yanayoachia juu zaidi hukutana na madigadi. Tatizo letu ni hayo ya chini.

Simamisha baiskeli, usukani unyooke. Chukua uzi, mwenzako aushike ncha moja chini nyuma ya tairi la mbele. Wewe uvute kuelekea krenki, upite ukigusa ukingo wa chini wa madigadi. Sogezeni ile ncha ya chini mpaka uzi uwe unalilamba tairi tu bila kukunjwa nalo. Mahali uzi unapopita kwenye usawa wa krenki ndipo maji yanapofikia kwa juu. Chochote kilicho chini ya hapo kitalowa.

Kwenye baiskeli ya inchi 28, hizi ndefu za breki za fito, madigadi ya mbele ikiishia sentimita 25 kutoka ardhini, uzi unafika kimo cha karibu sentimita 60 pale penye krenki. Yaani muundi wote, krenki yote, mnyororo wote. Ning'iniza kipande cha boksi mpaka kibaki sentimita 10 kufika chini, uzi unashuka hadi kama 18: krenki imepona na mnyororo umepona, lakini pedali ikiwa chini kiatu bado kinaoga. Shusha hadi sentimita 7, uzi unafika kama 12, unapita kwenye soli. Ndiyo maana kipimo changu ni 7. Chini ya hapo utakuwa unafagia mawe. Ukipita sana njia za mashambani zenye visiki, kubali 10 na uvae kandambili.

Hatua ya 2: Chagua mpira

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tyubu ya gari ndiyo ya kwanza kukimbiliwa kwa sababu ni ya bure. Ni laini mno. Ukishika kasi upepo unaipeperusha nyuma kama bendera na maji yanapita chini yake. Ukiwa huna kingine, kata vipande viwili uvibandike pamoja kwa solusheni ya kuzibia pancha. Inasaidia, si sana.

Tairi la gari, lile linalokatwa katambuga, lina kosa la upande wa pili: ni gumu na zito. Kisiki kikiligonga halikunjiki, linavuta madigadi nzima. Na hii ya mbele si mchezo. Madigadi ya mbele ikikunjika ikaingia kwenye gurudumu, gurudumu linakwama papo hapo na wewe unapita juu ya usukani. Ulimi mzuri ni ule unaokubali kushindwa: ukigongwa unakunjika, kisha unarudi.

Plastiki ya dumu la lita 20 inafaa msimu mmoja. Inakatika kwa mkasi na inasimama vizuri, lakini jua linaikausha mpaka inapasuka kwenye matundu ya bolti, na ule ukingo uliopasuka unakata ngozi. Kapeti ya mpira ya gari ni nzuri ukiipata, hasa ile nyembamba.

Mimi natumia gambuti lililokufa. Buti la mvua hufa soli au kisigino, shingo yake hubaki nzima. Mpira wake ni wa kadiri, wala si tyubu wala si tairi, na mengi yana kitambaa ndani kinachozuia matundu yasichanike. Zuri zaidi ni kwamba tayari limepinda. Shika karatasi kwa ncha moja, itaanguka. Ikunje kidogo iwe kama mfereji, itasimama. Ulimi nao ni hivyo: ukiwa umepinda kufuata mgongo wa madigadi, upepo hauuinui, na bado jiwe linaweza kuukunja. Kile kitambaa kitaelekea tairi na kitashika rangi ya tope siku ya kwanza. Usijali.

Hatua ya 3: Kata

Tengeneza kwanza kielelezo cha boksi. Juu, upana uwe sawa na madigadi, tuseme sentimita 6. Chini, upanue hadi 12 au 13, kama jembe. Upana huo wa chini una sababu: ukikata kona gurudumu linageuka, na maji yanaanza kuchepuka kando ya ulimi mwembamba.

Urefu ni hesabu ya dukani. Madigadi imeishia 25, unataka 7, basi ulimi ushuke 18. Ongeza 5 za kupandana na madigadi: 23. Ongeza tena 2 za akiba, utazipunguza mwisho. Pembe zote zizungushe kwa kufuata mdomo wa chupa, kwa sababu mpasuko hupenda kuanzia kwenye pembe. Mpira ukate kwa kisu kikali kilicholowekwa maji ya sabuni, kitateleza bila kung'ang'ania.

Hatua ya 4: Toboa

Matundu mawili, ubavu kwa ubavu, yaachane kama sentimita 3, na yawe sentimita 1.5 juu ya ukingo wa madigadi. Tundu moja halitoshi, ulimi utacheza kama mkia wa ng'ombe.

Natumia bolti za milimita 5, zile za spana namba 8, zenye kichwa bapa. Madigadi ya chuma itobolewe kwa drili. Kama huna, tumia msumari na nyundo, ila fungua madigadi kwanza, uweke gogo upande wa nje na upige kutokea ndani, ili meno ya chuma yatokeze nje na si upande wa tairi. Yasuguliwe kwa tupa. Kisha paka rangi au hata grisi kwenye midomo ya matundu, vinginevyo kutu itaanzia hapo. Madigadi ya plastiki itobolewe kwa msumari uliochomwa moto. Hizo bolti si lazima, mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya inatosha.

Kwenye mpira, tundu liwe la duara. Usichane kwa ncha ya kisu. Mchano mdogo leo ni ulimi uliodondoka njiani wiki ijayo.

Hatua ya 5: Funga, na hapa tutabishana

Mafundi wengi huuweka ulimi ndani ya madigadi, upande wa tairi. Mimi nauweka nje. Fikiria bati za paa: ya juu hupandana juu ya ya chini, maji yakateremka bila kuingia katikati. Kwenye madigadi, maji yanateremka kwa ndani. Basi madigadi iwe ndani na ulimi uwe nje yake, maji yashuke kutoka chuma hadi mpira bila kusimama. Ukiuweka ndani, maji na mchanga vinaingia katikati ya mpira na chuma, vinakaa, na chuma kinaoza bila wewe kuona.

Kichwa cha bolti kiwe ndani, nati iwe nje. Usigeuze. Mkia wa bolti unaochungulia tairi utalikwangua siku madigadi itakapolegea. Juu ya mpira weka wosha pana, au kipande kimoja cha bati kinachobeba bolti zote mbili, kisha nati. Kaza mpaka mpira uanze kuvimba pembeni mwa wosha, hapo acha. Nati ya pili juu ya ya kwanza inazuia mtikisiko wa barabara ya changarawe.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kupanda

Zungusha gurudumu ukisikiliza. Kati ya tairi na ulimi kuwe na nafasi ya vidole viwili. Halafu kaa kwenye kiti, pedali ya kulia iwe mbele, geuza usukani kushoto mpaka mwisho. Kiatu kikigusa ulimi, punguza upana wa chini. Rudia na pedali ya kushoto mbele, usukani kulia. Rudisha uzi wa hatua ya kwanza, sasa ukipita kwenye ukingo wa ulimi, ukate ile akiba polepole mpaka uzi upite unapotaka.

Jambo moja ambalo halipimwi kwa uzi: kurudi nyuma. Baiskeli ikisukumwa nyuma kushuka kwenye kizingiti, ulimi mrefu wa mbele hukanyagwa na tairi lake mwenyewe na kuvuta madigadi chini. Yangu niliikunja hivyo hivyo, asubuhi, nikitoka barazani na haraka zangu. Siku hizi nikirudi nyuma nainua gurudumu la mbele.

Wa nyuma

Ulimi wa nyuma uishie sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, inatosha kabisa. Kama baiskeli yako ina ile stendi ya miguu miwili inayokunjwa na kubanwa kwenye madigadi ya nyuma, funga ulimi chini ya kile kibanio, la sivyo stendi haitashika na itakuwa inagonga njia nzima. Maandishi andika utakavyo.

Udongo mweusi wa mbugani

Haya yote ni ya maji na tope jepesi. Ule udongo mweusi unaonata ni habari nyingine. Unapanda na tairi, unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi, na baada ya mita mia baiskeli haisogei, yenye ulimi na isiyo na ulimi. Kama njia yako ina kipande kama hicho, ongeza nafasi ya madigadi kwa wosha mbili tatu pale inapofungwa juu kwenye foki, na ufunge kijiti bapa cha mwanzi kwenye keria kwa ajili ya kukwangulia. Kwangua kabla haujakauka. Mimi hufika kwenye maji ya kwanza, nazamisha gurudumu la mbele hadi rimu, nalizungusha mara kumi, kisha naukunja ulimi kwa mkono kuona kama matundu ya bolti yameanza kupasuka.