Kabla ya kutia saini ridhaa ya stenti ya moyo

Fomu ya ridhaa mara nyingi huletwa mgonjwa akiwa ameshavaa gauni la hospitali, dripu iko mkononi, na muuguzi amesimama akisubiri kalamu. Huo si wakati wa kuanza kuuliza. Uliza kliniki, siku ile ile daktari anapotaja angiogramu, kwa sababu fomu hiyo moja huweza kubeba mambo mawili: angiogramu yenyewe, yaani kipimo cha kuangalia mishipa ya moyo, na ruhusa ya kuweka stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, papo hapo mshipa ukikutwa umebana.

Jambo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kujua stenti hiyo inawekwa kwa ajili ya nini. Aliyepatwa na mshtuko wa moyo huokolewa kwa kuzibuliwa mshipa haraka, na kila dakika inayopita misuli ya moyo inakufa, huyo asicheleweshwe. Lakini mtu ambaye kifua humbana akipanda ngazi na kumwachia akipumzika, na hali imekuwa hivyo kwa miezi bila kubadilika, habari yake ni nyingine. Utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 2,287, uliona kwamba kuwaongezea stenti watu wa namna hiyo, huku wakitumia dawa vizuri, hakukupunguza vifo wala mshtuko wa moyo. Utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, nao haukuona kwamba kuwahi kuzibua mishipa kunapunguza vifo. Wanachopata wengi ni nafuu ya maumivu. Nafuu hiyo si ndogo kwa mtu asiyeweza kumaliza ngazi, ila aijue kuwa ndiyo anayoifuata.

Hapa mgonjwa na daktari huachana njia bila kujua. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwauliza wagonjwa 153 waliokwisha kukubali kipimo na pengine stenti: asilimia 88 waliamini itawapunguzia hatari ya mshtuko wa moyo. Madaktari wengi waliohojiwa katika utafiti huo huo waliona faida yake ni kupunguza dalili. Sidhani kuna aliyedanganya. Daktari anasema, "Mshipa umebana asilimia 80, tutauzibua," na mgonjwa, akiitazama picha kwenye skrini, anasikia kwamba kifo kimeahirishwa.

Kwa hiyo uliza waziwazi: "Daktari, nisipowekewa stenti nitarajie nini? Dawa ninazotumia zimefikia kiwango kinachofaa?" Kisha mrudilie kwa maneno yako mwenyewe ulivyoelewa, akusahihishe. Nenda na ndugu, maana mwenye hofu husahau nusu ya aliyoambiwa.

Kuhusu madhara, usiridhike na "ni nadra". Kuna kuvuja damu pale ilipopita katheta, mrija mwembamba unaopelekwa hadi moyoni, kwenye kifundo cha mkono au kinena. Kuna figo kuathiriwa na dawa ya kuonyesha mishipa. Na kwa wachache, kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo. Taka ukadiriwe hatari yako wewe, kwa umri wako, figo zako na kisukari chako. Taja mzio wowote, ujauzito, na dawa kama metformini ya kisukari au warfarini ya kuzuia damu kuganda. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako.

Linalosahaulika sana ni dawa za baada ya stenti. Kwa kawaida utameza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na nyingine, kwa takriban miezi 6, au 12 ukiwa umepata mshtuko wa moyo. Ukizikatisha ghafla, damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Kama una upasuaji mwingine uliopangwa, au kidonda cha tumbo kinachotoa damu, sema mapema. Huenda hilo likabadili uamuzi wote.

Kutia saini hakukufungi. Unaweza kughairi hata siku yenyewe. Unaweza pia kuridhia kipimo peke yake: mwambie daktari kwamba stenti mtaizungumza baada ya majibu, isipokuwa dharura itokee mezani, na uhakikishe hilo limeandikwa kwenye fomu kabla hujapewa dawa ya kukutuliza.