Somo: namna ya kupima Datsun 240Z yenye ilibadilishwa, mbele ya kutosha franga

Bandugu, batu mingi banauliza juu ya zile 240Z zenye zinaingia na Kasumbalesa, mupaka wetu na Zambia, zikiwa zimeshaguswa-guswa na mafundi ba kila aina, basi nimeona niandike mara moja. Gari yenyewe ni ya 1969 mpaka 1973, motere L24 ya silindri sita kwa mustari moja, litre 2.4, na njo ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki 1971 na tena 1973, kwa hiyo kila muuzaji atakuimbia ile rally. Mumuache aimbe. Weye angalia hivi: kitu kimoja kikibadilishwa kinaomba kingine, na kazi yako ni kujua kama ule mwenye alilipa cha kwanza alilipa na cha pili.

Hatua ya 1, namba. Fungua kapo, namba ya shasi imegongwa kwa ukuta wa chuma nyuma ya motere. HS30 ni volani ya kuume, HLS30 ni volani ya kushoto. Ukiona HLS30 na volani iko kuume, kuko mutu aliihamisha, uliza nani na kwa garaji gani. Namba ya motere iko upande wa kuume wa bloki, chini kidogo ya kilase (kifuniko cha silindri), inaanza na L24 ao L28. L28 si mubaya hata, ni ya 280Z, litre 2.8, inaingia bila kukata kitu, lakini karte roze na karatasi za duane zipashwe kusema gari vile iko. Namba yenye ilikwanguliwa na mele (mashini ya kukata chuma)? Rudi nyumbani, usiongee hata bei.

Hatua ya 2, kutu, na hapa njo muda wako wote upitie. Hii gari haina shasi ya kipeke kama Land Cruiser, tole njo shasi, ikioza tole umenunua karatasi. Kamata sumaku ndogo uifunge na kitambaa isikwangule pentiri, upite nayo chini ya batri, kwa plansha yote, kwa vile vyuma viwili virefu vyenye vinapita chini ya plansha, kwa kizingiti cha mulango, kwa ile kona mbele ya pine ya nyuma, na chini ya mulango wa kofre. Pahali sumaku inakataa kushika, kuko mastiki, ile pate ya kujazia mashimo. Kisha lala chini na torshi, usiogope vumbi, juu vile vyuma virefu mara mingi vimepondwa na kriki ya mutu hakujua wapi pa kunyanyulia. Ukikuta chini kote kumepakwa ile dawa nyeusi kama lami na iko mupya kabisa, minasema kwa roho yangu mimi siamini, mutu anapaka lami ya mupya juu ya kitu anataka usione. Gonga na kishikio cha turnevisi, chuma kizima kinalia, chenye kimeoza kinanyamaza.

Hatua ya 3, motere ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe mbele ya weye kufika, na ukifika weka mukono kwa kilase, ikiwa moto anaficha kitu. Pima kompresio silindri zote sita, tofauti kati yazo isipite kama 10%, na usishituke namba zikiwa chini kuliko kitabu juu Lubumbashi iko kama metre 1200 na hewa ni nyepesi. Wengi banaweka karbiratere tatu za Weber. Zinapendeza, ila zikiwa wazi bila filtri hapa kwetu Juni mpaka Agosti zinameza vumbi na pistoni inalipa. Bugi nyeusi kwa gari ilirekebishwa pwani ni jikleri (katundu ka karbiratere kenye kanapitisha esanse) kubwa kwa urefu wetu, inarekebishika, itumie tu kwa kushusha bei. Lakini pompi ya esanse angalia sana: Weber zinataka kidogo tu, kama bar 0.2, na mutu akiweka pompi ya injekshoni esanse itafurika, na kwa hii motere karbiratere na eshapema ziko upande moja, esanse inaangukia moja kwa moja kwa chuma cha moto. Sitaki hata kueleza kinachofuata.

Hatua ya 4, vitu vya kufuatana. Motere kubwa na diferansieli ya kwanza R180? Inaweza kuvunjika, inaomba R200, yenye iko na nguvu zaidi. Freni za mbele za Hilux 4x4 ya zamani zinaingia kwa hii gari na piesi zake tunapata hapa, ni vizuri, ila metre silindri (pompi ya freni yenye pedali inasukuma) isipofuata pedali inashuka chini sana. Tena taa za mbele: kwa hii gari moto wote wa taa unapita kwa swichi ya volani, bila relé (kaswichi ka pembeni kenye kanabeba moto mukubwa), balbu kubwa zinaichoma. Ukikuta relé, jua kuko fundi mwenye akili alipita.

Hatua ya 5, endesha. Kelele ya "ko" nyuma ukiachilia gazi mara mingi ni vishikio vya diferansieli. Bas.

MASWALI

Memba wa Goma: Yaya, yenye naona imeshushwa chini kabisa, kwa mawe yetu ya volkano itapita?
Jibu: Haitapita, ndugu yangu. Uliza kama amortisere ni za kurekebisha urefu ama ni resori tu zilikatwa na mele. Zikiwa zilikatwa, hesabu seti mupya ndani ya bei.

Memba wa Bukavu: Muuzaji anasema iko na V8 ya Chevrolet, na bei ni nzuri.
Jibu: Dada, bei ni nzuri juu ya ile V8. Lala chini uangalie wapi vishikio vya motere vimesudewa, kama ni kwa chuma chenye kutu achana nayo. Kisha radiatere, kisha diferansieli.

Memba wa Likasi: Piesi za kwanza zenye zilitoshwa, ni lazima kuziomba?
Jibu: Omba kabla ya kulipa, papa, si kisha. Karbiratere mbili za kwanza, filtri yake, volani. Akisema ziko kwa mwenye gari wa zamani, apige simu mbele yako.