Jinsi ya Kuomba Project NExT: Kwa Mhadhiri Mpya wa Hisabati Aliyepata Kazi Marekani

Kila mwaka Machi ikifika, napata ujumbe wa aina moja. Kijana wa kwetu amemaliza uzamivu wa hisabati Marekani, amepata kazi ya kufundisha kwenye chuo fulani, amesikia habari za Project NExT, na sasa anauliza: "Kaka, nianze kuandika maelezo ya utafiti au ya ufundishaji?" Namjibu asianze na lolote kati ya hayo. Aanze na mkuu wa idara.

Sababu nitaifikia. Kwanza tuelewane ni kitu gani kinachoombwa.

Project NExT ni programu ya kuwafunda wahadhiri wapya wa hisabati, na inaendeshwa na MAA, chama cha wanahisabati cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1915. Usikichanganye na AMS, chama kingine cha wanahisabati cha huko huko: AMS kimeegemea zaidi utafiti, MAA kimeegemea ufundishaji wa hisabati vyuoni. Programu ilianza mwaka 1994 chini ya James Leitzel na T. Christine Stevens, na jina NExT limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya "uzoefu mpya katika ufundishaji". Anayemaliza uzamivu amefundwa miaka mitano au sita kuthibitisha theoremu, halafu Agosti anakabidhiwa madarasa matatu, kamati mbili na foleni ya wanafunzi mlangoni. Hilo la pili hakuna aliyemfunda. Programu iliundwa kuziba pengo hilo.

Ukichaguliwa unakuwa mshiriki kwa mwaka mmoja. Unaanza na warsha ya siku kadhaa inayofungamana na MathFest, mkutano wa kiangazi wa MAA. Kuna vikao vingine kwenye mkutano mkubwa wa Januari, JMM, kisha unamalizia MathFest ya kiangazi kinachofuata. Unapewa mshauri mwenye uzoefu, mtu wa nje ya chuo chako, ambaye unaweza kumuuliza maswali usiyothubutu kumuuliza bosi. Kila kundi la mwaka hupewa rangi yake, na washiriki hubandika nukta ya rangi hiyo kwenye kitambulisho cha mkutano. Usishangae ukimwona profesa mwenye mvi anamkumbatia mwenzake kwa sababu tu nukta zao zinafanana.

Hela ni za nani

Mshiriki wa programu hii huitwa Fellow, na wengi wetu tukisikia neno feloshipu tunaelewa ufadhili, na hapo ndipo tunapoanza kukosea. Hapa hakuna posho. MAA haikutozi ada ya kushiriki programu yenyewe, lakini nauli, malazi, chakula na ada ya kujiandikisha kwenye mikutano vinatarajiwa kulipwa na chuo kilichokuajiri. Ndiyo maana maombi yanadai barua ya mkuu wa idara. Barua hiyo inamsifia mwombaji, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni ahadi: chuo kinasema kitagharimia safari zako. Maelezo mazuri yasiyo na ahadi hiyo ni kama hati ya kiwanja isiyo na muhuri.

Tarehe ya mwisho kwa miaka mingi imekuwa 15 Aprili. Hakikisha ya mwaka wako kwenye tovuti ya MAA, kisha hesabu kurudi nyuma. Mkuu wa idara anahitaji wiki mbili au tatu, kwa kuwa huenda naye akapanda kwa mkuu wa kitivo kuomba idhini. Kwa hiyo ombi lako kwake liwe limefika mwanzoni mwa Machi.

Je, unastahili?

Uwe na shahada ya uzamivu katika hisabati, takwimu au taaluma ya karibu na hizo, au uwe unaimaliza kabla programu haijaanza. Uwe katika mwaka wa kwanza au wa pili wa kufundisha chuoni kwa ajira ya siku nzima. Miaka uliyokuwa msaidizi wa kufundisha ukiwa mwanafunzi wa uzamivu haihesabiwi. Walio kwenye nafasi za baada ya uzamivu zenye majukumu halisi ya kufundisha nao huomba na huchukuliwa.

Jambo linalowachanganya wengi: unaweza kuomba kabla hujafundisha hata kipindi kimoja. Ukisaini mkataba Februari wa kazi inayoanza Agosti, unaomba Aprili hiyo hiyo. Na barua inatoka kwa mkuu wa idara ya chuo unakokwenda. Ya profesa aliyekusimamia uzamivu, hata awe amekulea kama mwanawe, haitoshi, maana si yeye atakayelipa hoteli.

Kumwendea mkuu wa idara

Hapa ndipo tunapoona haya. Tumelelewa kwamba mgeni haombi, na aliye juu mngoje chini. Mtu hajafika kazini, hajamjua bosi vizuri, aanze kuomba nauli? Lakini kwa Marekani hilo ni jambo la kawaida kabisa, na wakuu wengi wa idara wanaijua Project NExT kwa jina; baadhi yao ni washiriki wa zamani. Wakati bora wa kuomba ni kabla hujasaini mkataba, mkiwa bado mnaongea habari za mshahara na kompyuta. Sentensi moja inatosha: "Ningependa kuomba Project NExT; je, idara itaweza kugharimia?" Ukishasaini bado unaweza kuuliza, ila mkono wako umepungua nguvu.

Barua pepe yako kwake iwe fupi. Mweleze programu ni nini kwa sentensi mbili, mwambie tarehe ya mwisho, mwambie barua yake inatakiwa iseme nini, mwambatanishie wasifu wako na rasimu ya maelezo yako hata kama haijaiva. Kisha weka makisio ya gharama kwa mistari: nauli ya MathFest, usiku kadhaa wa hoteli, chakula, ada ya mkutano, halafu Januari, halafu kiangazi kinachofuata. Wengi hushirikiana chumba na mshiriki mwenzao, na hilo lipunguze kwenye makisio. Mkuu wa idara anayepewa jumla iliyopangwa anasaini kwa wepesi kuliko anayeachiwa kukisia mwenyewe. Na akisema umwite Susan, mwite Susan. Najua ulimi unakataa, unataka kusema Profesa. Mwanzoni mwa barua unaweza kumpa cheo chake, akikusahihisha mara moja, fuata.

Kuna maswali mawili ambayo nilijifunza kuyauliza baada ya kuumia. La kwanza: hela hizi zinatoka kwenye fungu langu la safari la mwaka, au zinatoka pembeni? Idara nyingi humtengea kila mhadhiri kiasi fulani cha safari kwa mwaka. NExT ikimeza fungu lote, hutakuwa na kitu cha kwenda kwenye mkutano wa utafiti wako, na mwaka wa kwanza hilo linauma. La pili: naweza kurejeshewa gharama za safari iliyofanyika kabla mkataba wangu haujaanza? Warsha ya kwanza iko mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti. Mikataba mingi inaanza katikati ya Agosti. Chuo changu cha kwanza kiliikataa risiti yangu ya ndege kwa sababu hiyo, nikakaa na deni la kadi ya benki hadi Novemba. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Uliza, na majibu yawe kwa maandishi.

Chuo kikisema hakina kitu, usikate shauri la kuacha mara moja. Programu imekuwa na msaada mdogo kwa washiriki ambao vyuo vyao kweli haviwezi. Mkuu wa idara aeleze hali hiyo waziwazi ndani ya barua, na aseme ni sehemu gani chuo kinaweza kubeba.

Maelezo binafsi

Sasa ndiyo tuandike. Maelezo haya yanasema kwa nini unataka kushiriki na ni masuala gani ya ufundishaji yanayokugusa. Wasomaji wanapitia rundo, na rundo hilo limejaa sentensi moja: "Ninaamini katika ufundishaji unaomlenga mwanafunzi." Anayepinga hilo ni nani? Ifute.

Andika kitu ulichokiona kwa macho yako. Mfano, mwombaji anaeleza kwamba kwenye jaribio la kwanza wanafunzi 11 kati ya 28 waliandika (a+b)² = a² + b². Akawapa kila mmoja karatasi ya mraba, wakaikata vipande vinne, wakaviona vile vipande viwili vya mstatili ambavyo fomula yao ilikuwa imevitupa. Darasa likacheka, kila mtu akaelewa. Mtihani wa mwisho, sita kati yao wakarudia kosa lile lile. Mwombaji anamalizia: sijui kwa nini waliona kwa mikono yao lakini hawakubaki nacho, na ningependa kukaa na watu wanaolifikiria swali hilo. Aya hiyo moja inashinda kurasa mbili za imani, na nguvu yake iko kwenye lile neno "sijui". Programu inatafuta anayetaka kujifunza, na aliyekwisha kujua yote atakwenda kufanya nini huko?

Kama uliwahi kufundisha sekondari nyumbani, wanafunzi 80 darasani na vitabu vitano, usilifiche. Watu wetu wengi hulifuta kwa kudhani linaonekana dogo. Lakini usiliandike kama hadithi ya shida. Eleza ulifanyaje: uliwapangaje kwenye makundi, ulisahihishaje madaftari 80 kwa usiku mmoja, ni kipi ulichokibeba kikafaa Ohio na kipi kilikataa.

Najua pia ugumu wa kujisemea. Tunaambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ila wasomaji hawa hawajawahi kukuona sokoni; usipojitembeza kidogo, watakujuaje? Taja kozi uliyoibuni, mwanafunzi uliyemsimamia, kikundi ulichokianzisha, bila kupamba.

Yaliyobaki

Maelezo ya utafiti ni ukurasa mmoja, yaandikwe kwa mwanahisabati asiye wa fani yako. Kama wewe ni wa topolojia, msomaji wako ni mtu wa takwimu. Swali lako, ulichopata, unakoelekea. Usimimine alama za hisabati.

Wasifu wa kitaaluma ondoa tuliyozoea kuyaweka nyumbani: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, picha, matokeo ya kidato cha nne. Anza na elimu ya juu na kazi, kisha ufundishaji, machapisho, mawasilisho, huduma. Kozi ulizofundisha zitaje kwa majina, na useme kama ulikuwa mwalimu mkuu wa kozi au msaidizi, maana tofauti hiyo inaangaliwa.

Hifadhi kila faili kwa PDF yenye jina lako, jaza fomu mtandaoni, na siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho mwulize mkuu wa idara kwa upole kama barua imekwenda. Akisema imekwenda, thibitisha iliko. Namjua mwombaji aliyekosa kwa sababu barua yake nzuri ilikuwa imekaa kwenye rasimu za bosi.

Pasipoti na kalenda

Ukiwa ndani ya Marekani kihalali, safari ya kutoka mji hadi mji haihitaji visa mpya. Beba pasipoti kama kitambulisho. Shida iko kwa anayetaka kwenda kusalimia nyumbani kiangazi hicho. Kama visa iliyobandikwa kwenye pasipoti yako imekwisha muda, itabidi upite ubalozini kabla ya kurudi, na tarehe za usaili hazikusubiri. Mtu anayehama kutoka visa ya mwanafunzi kwenda ya kazi anahitaji tahadhari zaidi: aongee na ofisi ya wageni ya chuo kabla ya kukata tiketi. Mimi ningesema, ukichaguliwa, safari ya nyumbani ipeleke Desemba, ila urudi mapema kwa ajili ya mkutano wa Januari.

Ukikosa, na mwaka ujao bado utakuwa mwaka wako wa pili, omba tena. Na usikae bure ukisubiri hilo. MAA imegawanyika katika kanda 29, na nyingi zina toleo lao dogo linaloitwa Section NExT: mikutano yake iko karibu, gharama ni ndogo, mara nyingi unafika kwa gari na kurudi baada ya siku mbili. Anayefundisha nyumbani, Dodoma au Eldoret, programu hii haimhusu. Atazame Abel Visiting Scholar ya Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, inayogharimia ziara ya utafiti ya mwezi mmoja kwa mwenye uzamivu anayefanya kazi katika nchi inayoendelea. Fomu yake ni nyingine, na huko maelezo ya utafiti ndiyo yanayotangulia.