Namna ya Kulitazama Daraja la Maporomoko ya Victoria

Wageni wengi wanaofika kwenye Daraja la Maporomoko ya Victoria, linalounganisha Zambia na Zimbabwe juu ya korongo la Mto Zambezi, husimama katikati yake, hupiga picha ya maji, kisha huondoka bila kuliona daraja lenyewe. Anayetaka kulielewa aanze akiwa mbali nalo, kwa sababu aliyesimama juu ya tao, yaani upinde wa chuma unaolibeba daraja, hawezi kuliona.

Mahali pafaapo zaidi ni upande wa Zambia, kwenye njia ya miguu inayoteremka hadi Boiling Pot, chini kabisa ya korongo. Njia hiyo huweza kufungwa mto unapojaa, hivyo ni vyema kwenda Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamepungua. Asiyemudu mteremko anaweza kulitazama daraja kutoka Danger Point, upande wa Zimbabwe. Popote utakaposimama, iache barabara kwanza, uitafute miguu ya tao pale inapokaa kwenye mwamba. Uzito wa treni, malori na daraja lenyewe hushuka kwa kufuata mkunjo wa tao hadi kwenye miguu hiyo, nayo huusukuma mwamba wa kila upande; ndiyo maana hakuna nguzo hata moja iliyosimamishwa mtoni. Miguu hiyo imewekwa juu ya bawaba, ili tao liweze kuinuka na kushuka kidogo kadiri chuma kinavyotanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi.

Jambo hilo la joto liliwagusa wajenzi wenyewe. Nusu mbili za tao zilijengwa kutoka kingo zote mbili, zikishikiliwa nyuma kwa kamba za chuma, na zilipokaribia kukutana, vyuma vilivyokuwa vimetanuka kwa jua la mchana vikakataa kuingiana; baada ya ubaridi wa usiku, alfajiri ya tarehe 1 Aprili 1905 vikaungana. Daraja lilifunguliwa tarehe 12 Septemba mwaka huohuo na Profesa George Darwin, mwana wa Charles Darwin.

Baada ya hapo panda juu. Asiyekusudia kuvuka kwenda nchi ya pili aeleze hivyo kwa ofisa wa uhamiaji, aonyeshe pasipoti yake, na aombe kibali cha kufika darajani na kurudi. Karatasi hiyo ni ndogo na hupeperuka kirahisi kwa upepo wa korongo, kwa hiyo itie ndani ya pasipoti.

Daraja lina urefu wa mita 198, na tao peke yake lina mita 156.5 kutoka mguu mmoja hadi mwingine; daraja liko takribani mita 128 juu ya mto. Lilipofunguliwa lilibeba njia mbili za reli. Mwaka 1930 ukakamilika mradi wa kuinua na kupanua sakafu yake, na leo njia ya reli, barabara na njia za waenda kwa miguu zinakwenda sambamba. Tembea taratibu kutoka ukingoni, ukichungulia chini: vyuma vya wima vinavyounganisha sakafu na tao, virefu mno karibu na mwamba, hufupika hatua kwa hatua hadi katikati, ambako tao karibu liguse sakafu. Lori likipita, weka kiganja juu ya vyuma vya ukingo uusikie mtetemo; ni wa kawaida, wala usikutie hofu.

Msomaji wa Dar es Salaam atapenda kujua kwamba reli ya TAZARA, inayounganisha Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1067 sawa na reli ya daraja hili, hivyo behewa laweza kutoka Dar, likapitia Kapiri Mposhi na Livingstone, likafika hapa bila kubadilishwa magurudumu. Treni ikitokea, baki kwenye njia ya miguu, kwani hupita polepole na utakuwa na muda wa kutosha kuitazama.